Maji Yamesogea

“Ndani mna nini?”

Swali hili niliulizwa na wakala wa mabasi ya kusini pale Mbagala Rangi Tatu, Dar es Salaam, asubuhi moja ya mwezi Septemba. Mbele yake nilikuwa nimeweka boksi dogo nililolizungushia solotepu mara nne. Lilikuwa linakwenda Masasi, kwa mjomba wangu. Nilimjibu kwamba ndani mna miwani ya kusomea, kofia ya kufuma na kitabu cha mashairi. Akauliza kama kuna kinachomwagika. Nikasema hakuna. Akauliza kama kuna kinachovunjika. Nikasema miwani. Akachora bilauri ubavuni mwa boksi, akaandika jina la mjomba na namba yake ya simu, akanipa risiti, kisha boksi likatupwa juu ya rundo la maboksi wenziwe, bilauri ikiwa imetazama chini.

Nilipanda daladala nikarudi nyumbani, lakini swali la yule kijana halikubaki Mbagala. Lilinifuata. Nilihisi kwamba mahali fulani, zamani sana, palikuwa na mzigo uliopita mikononi mwangu, nami nikaupokea na kuupeleka bila kuuliza ndani mna nini.

Tuanze na yale ambayo kila mtu wa posta anayajua. Mwaka 1874, tarehe 9 Oktoba, mataifa kadhaa yalitia saini mjini Bern, Uswisi, mkataba uliozaa Umoja wa Posta Ulimwenguni. Tangu hapo dunia imekuwa na kanuni za pamoja kuhusu kinachotumwa na kisichotumwa. Baruti haitumwi. Vitu vinavyowaka kwa urahisi havitumwi, wala dawa za kulevya. Fedha taslimu zina masharti yake, wala hazichomekwi tu ndani ya barua ya kawaida. Wanyama hai hukataliwa, ila kanuni zimewaachia mlango viumbe wachache ambao kila nikiwasoma hunichekesha: nyuki, ruba na viwavi wa hariri. Kwa hiyo ruba anaweza kupanda ndege akiwa na stempu, na kuku wa bibi yako hawezi. Liko pia jambo moja katika kanuni hizo ambalo washairi wanapaswa kulipenda: maandishi ya wasioona, yale ya nukta nundu, yamesamehewa ada ya posta. Walioandika kanuni walijua kwamba kuna watu ambao neno huwafikia kwa taabu zaidi, wakaona si haki kuwatoza kwa taabu hiyo.

Nimezisoma kanuni hizo kwa makini. Zinazungumza juu ya uzito, vipimo, harufu, moto na sumu. Hazisemi lolote juu ya sentensi. Sentensi hupita. Mtu akishaitia bahashani na kubandika stempu, hakuna karani atakayemwuliza kama inamwagika au inavunjika.

Katika Kiswahili, hata hivyo, neno lenyewe “kutuma” halikuishia kwenye bahasha. Litazameni jinsi lilivyozaa. Anayetumwa na Mungu ni mtume. Wanaotumwa na serikali kuchunguza jambo ni tume. Anayefanya kazi kwa mwingine ni mtumishi. Na yule ambaye hana hiari ya kukataa kutumwa, ambaye kutumwa kumekuwa ndiyo hali yake na jina lake, ni mtumwa. Kwa lugha yetu, basi, mtu hutumwa kama kitu kinavyotumwa, na neno tunaloliandika leo katika ujumbe wa simu, “nimeshatuma”, ni ndugu wa damu wa neno zito kuliko yote tuliyo nayo.

Masasi wanalijua neno hilo. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA, ambaye watu wa lugha wanamkumbuka kwa kazi yake ya sarufi ya Kiswahili, alitoka Zanzibar na kundi la watu waliokombolewa utumwani, wakatembea kutoka pwani ya Lindi hadi kwenye vilima vya mawe vya Masasi, wakaweka makazi. Watu kama hao walikuwa wameshushwa pwani wakiwa mizigo, wakahesabiwa na kutozwa ushuru kama pembe za ndovu. Safari hii walipanda bara kwa miguu yao, wakafika mahali, wakasema hapa panatosha. Nikisema kwamba ninatuma boksi Masasi, ninatumia kitenzi ambacho mji huo una sababu ya kukisikiliza kwa sikio la pili.

Mimi si mtu wa Masasi. Mimi ni wa juu, wa Newala, kwenye ukingo wa Uwanda wa Makonde. Aliyefika Newala anapajua Shimo la Mungu, pale ardhi inapokatika ghafla mbele ya miguu na macho yakabaki kushuka yenyewe hadi bonde la Ruvuma na milima ya Msumbiji. Wageni hupiga picha hapo. Wanawake wa Newala wa zama za bibi yangu waliutazama ukingo huo kwa jicho jingine. Uwanda wetu una udongo wa kichanga unaomeza mvua. Maji yakinyesha juu hayakai juu. Huzama, yakatokea chini, kwenye chemchemi za mabondeni. Ndiyo sababu historia ya Newala ni historia ya wanawake kushuka na kupanda. Mabomba yaliletwa, na kuna miaka yalitoa maji na kuna miaka yalitoa upepo. Upepo ulipozidi, njia ya zamani ilirudiwa.

Mwaka 1984 nilikuwa darasa la sita, na nilikuwa na cheo. Nilikuwa mwandishi wa barua. Wakati huo barua zote za kijiji chetu zilipitia sanduku la posta la shule, na sisi wanafunzi wenye mwandiko mzuri tulikodiwa na wazee kuandika na kusoma. Malipo yalikuwa korosho za kukaanga au muwa. Kwa bibi yangu mzaa mama sikulipwa, kwa sababu barua zake zilikuwa zinakwenda kwa mjomba wangu, mwanawe, aliyekuwa kuli bandarini Dar es Salaam. Kwetu mjomba ni mtu mkubwa. Mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye anayeushika ukoo huo mkononi. Kumwandikia mjomba kulikuwa kazi ya heshima.

Barua za wakati ule mnazikumbuka. Zilikuwa na mwendo wake kama shairi lenye bahari yake. Salamu kwanza, na salamu hazikuwa fupi. Kisha “ama baada ya salamu”. Kisha “ukitaka kujua hali zetu, sisi huku hatujambo, hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali na upeo wa macho yetu”. Kisha dhumuni. Kisha majina ya wote wanaosalimia, hata watoto wachanga waliokuwa hawajajua kusema. Niliipenda ruwaza hiyo. Ndiyo iliyonifunza kwamba maneno yanaweza kupangwa yakapendeza. Lakini mtazame: ndani ya ruwaza hiyo hakuna mgonjwa. Kila aliyeandika alikuwa hajambo. Niliwahi kuandika “hatujambo” kwa niaba ya mzee aliyekuwa amelala kitandani kwa homa, akiniamrisha kwa sauti ya kukoroma niandike hivyo hivyo, kwani barua haianzi kwa kumtisha mpokeaji.

Siku hiyo ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa kumi, kiangazi kikiwa kimekaza na mikorosho ikiwa imezaa. Bibi alikuwa ameketi juu ya mkeka barazani akitenga korosho na mabibo. Alikuwa amenuna kidogo, kwa sababu alitaka kumpelekea mwanawe mabibo, nami nilikuwa nimemweleza kwamba haiwezekani. Kila mtu wa kusini anajua kwa nini. Bibo likishaanguka lina siku moja tu ya kuwa tunda. Siku ya pili limeanza kuwa pombe. Ungelitia kwenye kikapu Newala, na Dar es Salaam wangepokea uraka na nzi. Korosho iliyoning’inia chini ya bibo hilo hilo husafiri bila wasiwasi. Imevuka bahari hadi India na Vietnam. Tunda na mbegu vimeshikana mtini, lakini kimoja tu ndicho kinachokubali safari. Bibi alinisikiliza, akasema, “Basi atakula korosho, na utamu wake atakumbuka mwenyewe.”

Kisha akaniambia niandike. Alisema kwa Kimakonde chake, nami nilikuwa naandika kwa Kiswahili cha shuleni. Nilipomaliza salamu zote akanyamaza kidogo, akatazama upande wa bonde, akasema:

“Mwambie maji yamesogea.”

Nilicheka. “Bibi, maji hayasogei. Chemchemi iko palepale.”

Akanitazama. Sikuusahau mtazamo ule, ingawa wakati huo sikuuelewa. Halafu akarudia kutenga korosho zake, akasema, “Haya. Andika unavyojua wewe, mwenye shule.”

Nami nikaandika ninavyojua. Nilikuwa nimeuona mtungi wake umepasuka mdomo. Nikatia moja na moja, nikaandika: “Tena bibi anasema ana shida ya vyombo vya maji.” Niliona nimemsaidia. Nilikuwa nimeichukua kauli isiyo na mantiki nikaitia mantiki, nimeiondolea Kimakonde nikaivisha Kiswahili safi, na juu ya hayo nimeipa dhumuni, maana mwalimu wetu alitufundisha kwamba barua isiyo na dhumuni ni upotezaji wa stempu. Nilimsomea bibi haraka haraka. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni. Aliposikia neno maji, akatikisa kichwa.

Kabla ya mvua jibu lilikuja, kwa hisani ya mtu aliyekuwa akirudi nyumbani kutoka Dar es Salaam. Wale waliokuwapo miaka ile ya uhaba watajua thamani ya zawadi yenyewe: dumu jipya la plastiki, la lita 20, na shingoni mwake pamefungwa kifurushi chenye doti ya kanga na miche miwili ya sabuni. Majirani walikuja kulitazama. Barua ilisema, “Mwambie mama vyombo nimetuma, na akihitaji vingine aseme.” Bibi alilishika dumu, akalinyanyua likiwa tupu, akalizungusha, akasema neno moja:

“Kubwa.”

Mtungi wake wa zamani haukufika nusu ya lita hizo. Lakini zawadi ya mwana haiachwi ndani. Alishuka nayo bondeni kiangazi chote kilichobaki, na kiangazi kilichofuata aliteleza njiani wakati wa kupanda, dumu likiwa kichwani. Nyonga haikupona sawasawa. Tangu hapo alikaa barazani, wasichana wa jirani wakamtekea, mpaka Aprili ya mwaka 1987 alipofariki.

Mjomba alipelekewa simu ya maandishi. Wasomaji vijana huenda hawakuiwahi: ulilipia kwa kila neno, kwa hiyo msiba mzima uliingia katika maneno manne au matano, ukisomeka kama umefokewa. Ilikuwa masika, barabara ya kusini ilikuwa tope, na Mto Rufiji ulivukwa kwa kivuko, kwani Daraja la Mkapa lilikuja kufunguliwa mwaka 2003. Mjomba alifika siku ya nne. Kaburi lilikuwa limeshaanza kuota majani.

Lakini jambo ninalotaka kulisema lilitokea kabla hajafika. Msiba unataka maji mengi, na siku ya mazishi hata wavulana tulitumwa kuteka. Nilikuwa na miaka 15, na sikuwa nimewahi kuishuka njia ile kwa kazi. Kwetu maji yalikuwa shughuli ya wasichana na mama zao. Nilichukua dumu la bibi. Kushuka nilishuka kwa mbio. Kupanda nikiwa nimelijaza, nilitua mara tatu kabla sijafika nusu ya njia. Mara ya tatu nilikaa juu ya mzizi, magoti yakitetemeka, nikainua macho kuutafuta ukingo wa juu, nikaona uko mbali kuliko ulivyokuwa nilipouacha. Hapo ndipo sentensi ya bibi ilipofunguka, miaka mitatu baada ya kutamkwa. Maji yamesogea. Hakuwa akizungumzia chemchemi. Alikuwa akimwambia mwanawe kwamba amezeeka, na kwamba hawezi tena, na alikuwa ameyasema hayo kwa namna ambayo mama anaweza kumwambia mwana bila kujishusha na bila kumwamuru. Lilikuwa ombi lililofungwa ndani ya maneno matatu, nami nilikuwa nimelifungua nikalitupa nje kwa sababu halikukubaliana na somo la jiografia.

Sikumwambia mjomba. Si siku ile, wala miaka iliyofuata.

Nimekuwa mtu wa mashairi tangu ujana, na naamini ni kwa sababu ya deni hilo. Nikisoma kisa cha Fumo Liyongo, sisimami kwenye nguvu zake kama wenzangu. Nasimama kwenye mkate. Liyongo akiwa kifungoni alimpelekea mama yake ujumbe kwa ushairi, kupitia kwa mjakazi Saada, mbele ya masikio ya walinzi, akimwomba aoke mkate wa wishwa na ndani yake afiche tupa. Walinzi walikula mikate mizuri, wakauachia ule wa wishwa upite. Ushairi ulimpita mlinzi kwa sababu mlinzi hakujua ndani mna nini. Nami nasema: ujumbe wa bibi yangu ulikuwa na ufundi huo huo, ila ulimkuta mlinzi mbaya zaidi, yule anayedhani amejua.

Nikisoma kwamba mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule, mtaalamu wa mila za watu, alipita Masasi akakaa Newala na fonografu yake, akanasa nyimbo za watu wetu juu ya silinda za nta, nawaza vivyo hivyo. Silinda zilibebwa na wapagazi hadi pwani, zikapanda meli, zikafika Ujerumani. Kwa hiyo sauti ya Newala ilitumwa Ulaya miaka 78 kabla sentensi moja ya bibi haijashindwa kufika Dar es Salaam. Lakini yeye naye alihitaji wakalimani ili ajue kilichoimbwa, na kila mkalimani, nawahakikishia, ni mvulana wa darasa la sita mwenye kalamu.

Na nikiwaza juu ya Shaaban Robert nakumbuka kwamba kabla hajawa jina lililo midomoni mwetu alikuwa karani wa forodha, tangu mwaka 1926 hadi 1944. Kutwa alikagua kinachoingia na kinachotoka. Tangu mwaka 1931 alikuwa pia akimwandikia barua ndugu yake Yusuf Ulenge, barua ambazo leo tunazo kitabuni. Nadhani mtu aliyefanya kazi zote mbili alijua tofauti ya kukagua mzigo na kupokea neno. Mimi nilikuwa forodha ya bibi yangu, na nilitaifisha mali halali.

Wahenga walisema barua ni nusu ya kuonana. Watu huisema methali hiyo kwa kuisifu barua. Mimi nimeishi muda mrefu nikiuliza habari za nusu ile nyingine.

Boksi lilifika Masasi salama. Siku mbili baadaye mjomba alipiga simu. Miwani haikuvunjika. Alikuwa ameivaa, na kwa kuwa sasa anaona, alikuwa amefungua sanduku lake la bati, na humo amekuta barua za mama yake zote. “Mjomba,” akaniambia, maana kwetu mjomba na mpwa wake huitana jina hilo hilo, “mwandiko wako ulikuwa mzuri. Nimezisoma tangu asubuhi. Njoo tuzisome wote.”

Kuna mwaliko usioweza kujibiwa kwa boksi. Wiki iliyofuata nilipanda basi mwenyewe.

Nyumba yake iko pembeni mwa mji, kilima cha mawe kikiwa kimeinama juu yake. Baada ya chakula alivaa miwani, akazitandaza barua mezani kwa mpangilio wa miaka, akaanza kusoma kwa sauti, pole pole, kama mtu anayeghani. Alifurahia kila salamu. Alipofika kwenye ile ya mwezi wa kumi 1984, nilijikuta nimeushika ukingo wa meza. Akasoma: “Tena bibi anasema ana shida ya vyombo vya maji.”

“Mjomba,” nikasema, “hapo bibi hakusema hivyo.”

Akainua macho juu ya miwani.

“Alisema, mwambie maji yamesogea.”

Nilimweleza yote: kicheko changu, mtungi uliopasuka, somo la jiografia, njia ya siku ya mazishi. Nilimweleza kwamba nimejua tangu nikiwa na miaka 15. Mjomba hakunikatiza. Nilipomaliza, aliikunja barua kwa mikunjo yake ya zamani, akaiweka juu ya zingine. Kimya chake kilikuwa kirefu hata mkewe akaja mlangoni kutazama kama kuna jambo, akarudi.

“Mwaka ule nilikuwa na likizo,” akasema hatimaye. “Niliiuza. Nilifanya kazi siku zote za likizo, nikanunua lile dumu.”

Sikuwa na neno. Yeye naye hakulitafuta lingine. Usiku nilimsikia akitembea barazani.

Asubuhi alikuwa ameshavaa kofia niliyomletea, akaniambia tunakwenda Newala. Nilimkumbusha magoti yake. Akasema hakuniomba ushauri. Tukapanda gari dogo la abiria, likaiacha tambarare, likaanza kuupanda uwanda, mikorosho ikiwa imesimama pande zote mbili na harufu ya mabibo ikiingia madirishani. Nyumba ya bibi haipo tena. Waliojenga mahali pake ni jamaa zetu, na uani wana bomba, na siku hiyo bomba lilikuwa linatoa maji. Walitukaribisha, wakatuletea ya kunywa. Mjomba alikunywa, akashukuru, akauliza kama ile njia ya bondeni bado ipo.

Ipo, ila majani yameifunga. Kijana mmoja alitangulia na panga. Mjomba alishika fimbo kwa mkono mmoja na bega langu kwa mkono mwingine. Tulishuka hatua kwa hatua, tukipumzika, hata tukafika kwenye mzizi ule ambapo mimi nilikaa mwaka 1987, niliutambua. Kutoka hapo chemchemi inasikika, haionekani. Mjomba alisimama. Alisikiliza. Jasho lilikuwa linamtoka chini ya kofia ya kufuma. Alitazama chini kulikokuwa na sauti ya maji, kisha akageuka akautazama ukingo tulikotoka, na nyuma yetu kijana wa panga akauliza kama tuendelee.

Mjomba hakumjibu. Alikuwa anajibu barua.

“Kweli, mama,” akasema kwa Kimakonde. “Yamesogea.”